Likizo Tuliyopewa na Madame

Alhamisi iliyopita Madame aliingia famasi ninakofanya kazi, hapa Auderghem, Brussels, akanikodolea macho kutoka mlangoni kana kwamba ananitafuta ndani ya ukungu, kisha akapiga makofi mbele ya wateja wote. "Zena! Zena wa Rehema! Jamani umekuwa mtu mzima!" Mkononi alikuwa na karatasi ya daktari ya dawa ya macho. Njiani kuja kwangu akachukua chupa ya mafuta ya kujikinga na jua kwenye rafu, akajipaka kidogo, akanisogezea mkono puani. Nazi. Nazi ile ya kiwandani, tamu kupita kiasi, ambayo haijawahi kukunwa na mtu.

"Unakumbuka? Kama kule kisiwani! Mama hajambo? Mwambie namkumbuka. Lo, ile likizo tuliyowapa!"

"Ndiyo, Madame," nikasema. "Nakumbuka."

Ndiyo, Madame! Nimesoma miaka mitano chuo kikuu, navaa koti jeupe lenye jina langu kifuani, na nilichopata kumjibu ni hicho. Dawa yake haikuwepo, nikamwambia arudi Jumanne, naye akaondoka akinipungia mkono. Tangu siku ile naoga na maneno yale, napika nayo, napanda nayo tramu. Ati likizo tuliyowapa. Sasa acheni niseme, na wenzangu ambao mama zenu walilea watoto wa watu katika mji huu mtanielewa upesi.

Siku hizo tulikaa Schaerbeek, ghorofa ya nne, hakuna lifti, mimi na mama yangu tu. Mama alikuwa yaya kwa Madame. Kila asubuhi alivuka mji kwa tramu mpaka Auderghem, kwenye nyumba yenye bustani na miti mikubwa nyuma, akawalea Elise wa miaka minne na Théo ambaye alikuwa hajatembea bado. Jumatano, siku ambayo shule hutoka mchana, nilikwenda huko nami, nikafanya kazi za shule kwenye meza ya jikoni. Karatasi za mama za kukaa nchini zilitegemea kazi ile. Hilo nililijua baadaye sana. Wakati ule nilijua tu kwamba mama hakuwahi kumwambia Madame "hapana", nikadhani ni kwa sababu wanapendana.

Na kulikuwa na bibi yangu, Tanga. Bibi alikuwa na presha ya macho. Jicho la kushoto lilishazima, la kulia lilikuwa linafifia, na daktari wa hospitali ya Bombo alimwambia bila kumficha kwamba halitarudi. Mimi nilizaliwa Brussels, na bibi hakuwahi kuniona ila kwenye picha. Kila Jumapili tulishuka kwenye duka la simu lililokuwa chini ya nyumba yetu, tukabanana ndani ya kibanda cha namba tatu, na bibi hakuzungumza jambo jingine. "Zena, mjukuu wangu, njoo nikuone ningali na hili jicho moja. Nataka nijue umefanana na nani." Mama akamwambia, "Agosti, mama. Inshallah Agosti tunakuja." Kwenye kalenda ya jikoni kwetu mama aliizungushia Agosti duara kwa wino mwekundu, mwezi wote, kama mtu anayefunga mzigo kwa kamba ili usimwagike.

Basi Jumatano moja Madame aliingia jikoni akiwa na furaha zake, akamwambia mama, "Rehema, Julai njoo nasi Guadeloupe, wewe na Zena. Wiki mbili! Tumepata hoteli ndogo sana, iko peke yake kwenye ghuba, hakuna kelele, hakuna watu. Utapumzika na wewe." Halafu akaniinamia. "Unataka kwenda kuiona bahari, Zena?" Niliruka mpaka nikamwaga juisi.

Hapa ndipo mama yangu alipokosea, na nitamtetea mpaka kaburini. Mama yangu ni mtu wa Tanga. Kwao ukialikwa, umealikwa. Mtu hawezi kukuita kwa jina, akamwita na mtoto wako, kisha akakutazama umeshika ufagio na yeye amekaa. Ataona haya, majirani watamsema. Mama alisikia "njoo nasi", akaona amekirimiwa, na mtu aliyekirimiwa hasafiri mikono mitupu. Basi akaamua tushone sare. Ndivyo tunavyofanya: watu wakitoka pamoja kwa jambo la furaha wanavaa kitambaa kimoja, ili atakayewaona ajue hawa ni wa nyumba moja. Akanunua kitenge cha bluu chenye majani ya manjano, cha kutosha magauni manne: lake, langu, la Elise, na la Madame.

Akakipeleka kwa Maman Béa, Mkongomani aliyekuwa na cherehani nyuma ya saluni kwenye jengo la maduka la Galerie d'Ixelles. Maman Béa akanipima mabega huku pini ziko mdomoni.

"Bon, maman Zena, njo muzuri ile. Alors, kule ku bahari, nani atachunga batoto?"

"Si wazazi wao wapo?" mama akasema.

Maman Béa akacheka mpaka akazitema pini. "Ee Mungu yangu! Donc bazungu banaenda vacances na batoto yabo, na weye utaikala tu?"

Mama akanishika mkono. Tulipotoka nje akaniambia yule mama ana kijicho, na mimi nikaamini. Kwa wiki nzima nilimwona Maman Béa ni mtu mbaya.

Hoteli ilikuwa na vyumba saba. Barabara ya lami iliisha, ikaja ya changarawe, nayo ikaishia pale pale kwenye mlango wake, mbele ni maji. Hakukuwa na duka, hakukuwa na basi, na simu ilikuwa moja tu, juu ya meza ya mapokezi. Mchanga wake ulikuwa mweusi, jambo lililonishangaza sana, nikauosha kwenye ndoo nikidhani una uchafu. Asubuhi palinuka ndimu na kachori za samaki zinazokaangwa, na mchana palinuka ile nazi ya chupa, kwa sababu wageni wote walikuwa wamelala wanang'aa.

Sisi tulipewa chumba cha nyuma, kilichopakana na chumba cha kufulia, mashine zikitetemesha ukuta. Ndani mlikuwa na kitanda chetu na kitanda cha mtoto, kwani Théo alilala kwetu. Nilijivuna kupita kiasi! Nilidhani chumba chetu ndicho bora, maana kilinuka sabuni saa zote, na nilidhani tumepewa Théo kwa sababu anatupenda kuliko wazazi wake. Mama aliamka saa kumi na moja alfajiri kila siku, nikadhani anapenda kuona jua likitoka. Kwa siku zote kumi na nne mama hakuingia majini hata mara moja, nikadhani anaogopa kulowesha nywele. Mtoto akishaamua kwamba mambo ni mazuri, atayapatia yote sababu.

Jioni ya kwanza tulioga, tukavaa sare. Mama alinisuka upya, akajitia wanja, akashika magauni ya Madame na Elise yamekunjwa kwenye karatasi ya zawadi yenye utepe. Tukatoka kwenye baraza ya chakula, meza zimewashiwa mishumaa. Madame na Monsieur, mume wake, walikuwa wamekaa na rafiki zao wawili waliokuja na boti kutoka mjini. Viti vinne, sahani nne.

"Oh, Rehema! Mmependeza kweli!" Madame akasema, akalifungua gauni, akajipima kifuani, wote wakalisifia. Kisha akatoa ile sauti yake ndogo ya kuombea jambo. "Lakini watoto hawajala, na saa moja wanatakiwa wawe wamelala. Jikoni wanajua, wamewawekea chakula kule."

Mama akasimama kidogo. Nilimwona akitazama viti, akivihesabu kwa macho, kama mtu anayehisi amekosea mlango. Halafu akasema "Ndiyo, Madame", akamchukua Théo mapajani mwa baba yake, akamshika Elise mkono. Tulikula jikoni. Mama alikula amesimama, huku akimlisha Théo, na karoti zilizosagwa zikadondoka kwenye majani ya manjano ya sare yake mpya.

Na lililofuata ni baya zaidi. Kesho yake ufukweni Madame alitoa kwenye kikapu gauni lake, lile la zawadi, akalitandika juu ya mchanga. "Kitambaa chake kizito, kinafaa sana," akasema. Juu yake Théo alilazwa akabadilishwa nepi. Na anayebadilisha nepi ni nani? Mama yangu, akiwa amevaa kitambaa kile kile. Hebu niambieni, hata kama hujui sare ni nini, hujui gauni ni nini? Lina mikono! Lina zipu! Mama aliipangusa ile zipu mchanga kwa kidole, polepole, mpaka ikawa safi.

Aliyekuja kulisema jambo hilo alikuwa mpishi wa pale, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, watu wote walimwita Man Lucie, yaani Mama Lucie. Siku ya nne au ya tano alimwona mama akiosha chupa za Théo alfajiri, kabla hata yeye hajawasha jiko.

"Dada, siku yako ya mapumziko ni ipi?" akauliza. "Yangu ni Jumatatu. Ya dobi ni Jumanne. Yako sijaiona."

"Mimi niko likizo," mama akasema.

Man Lucie akaweka kisu chini. "Likizo gani hiyo inayoanza kabla ya kazi yangu?"

Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo ya vitunguu nakula embe, na nikapandwa na hasira. Niliona huyu ni Maman Béa wa pili, huyu naye ana kijicho. Nikasimama nikamwambia kwa sauti, "Sisi ni wageni! Tumealikwa! Mama yangu anapumzika!"

Man Lucie akanitazama, akamtazama mama. Mama alikuwa ametugeuzia mgongo, maji ya bomba yanamwagika tu juu ya chupa iliyokwisha kutakata. Kisha yule mpishi akajifuta mikono, akaenda mapokezi, akarudi na postikadi yenye picha ya hoteli, kuta nyeupe na maji mbele. "Haya, mgeni," akaniambia kwa upole. "Mwandikie mtu wako. Mimi nitaituma."

Nikamwandikia bibi. Nilijificha chini ya meza ili iwe zawadi ya ghafla, mama asijue. Nayakumbuka maneno yote kwa sababu baadaye niliyaona tena. *Bibi shikamoo. Tuko likizo baharini. Mama anapumzika sana. Tunakula samaki kila siku. Bahari ya huku ni nzuri kuliko zote.* Nikachora jua, nikalitia miwani.

Tulirudi Brussels na mvua yake. Wiki hiyo hiyo, jioni ya Jumatano, mama alivaa koti, akasimama kwenye mlango wa sebule ya Madame, akaanza kuzungumza habari za Agosti na safari ya Tanga. Mimi nilikuwa kwenye ngazi nafunga viatu.

"Agosti?" Madame akasema, na ninaapa alishangaa kwa dhati. "Lakini Rehema, likizo yako si umeshaichukua? Wiki mbili nzima, pamoja na sisi."

Mama akasema jambo kwa sauti ya chini sana, nikasikia "mama yangu" na "macho". Siku nyingine za likizo ya mama Madame alikwisha kuzikata vipande vipande, kila familia yake ilipokwenda kucheza kwenye theluji na kumwambia mama abaki nyumbani kwetu. Zilizokuwa zimesalia ni hizo wiki mbili.

"Naelewa, masikini, naelewa. Mwakani, bila shaka." Kisha Madame akanigeukia pale kwenye ngazi, akatabasamu. "Zena, si ulifurahi likizo yetu?"

Na mimi nikasema, "Ndiyo, Madame. Sana. Ilikuwa likizo nzuri kuliko zote."

Mama aliniangalia. Hakunikasirikia, na bora angenikasirikia. Alinifunga kamba ya kiatu cha pili, tukatoka, tukangoja tramu chini ya mvua bila kufungua mwavuli alioushika mkononi. Kule nyumbani aliigeuza kalenda ikatazama ukuta.

Jumapili iliyofuata kwenye kibanda cha simu aliyepokea kule Tanga alikuwa mama mdogo Mwanaidi, mdogo wake mama. Postikadi ilikuwa imefika. Wameisoma yeye, majirani na bibi mwenyewe, ameishikilia karibu kabisa na jicho lake. Sauti ya mama mdogo nilikuwa naisikia hata bila kushika simu. "Haya, wenye raha zenu! Bahari ya kwetu inanuka? Mama anahesabu siku huku, nyinyi mko hotelini mnakula samaki!" Nikangoja mama aseme. Nilijua nimeharibu kitu ila sikujua ni kitu gani, nikawa namvuta koti, namnong'oneza, "Mwambie tulialikwa, mama, mwambie tulialikwa." Mama akamwacha mdogo wake amalize, akauliza kama wamenunua dawa ya macho, akaaga.

Kwa nini hakujitetea? Nimejiuliza hilo maisha yangu yote. Nadhani aliona heri Tanga nzima imwone ana roho mbaya kuliko wajue kwamba binti yao alivaa sare, akajitia wanja, akaenda kukaa kwenye karamu, akaonyeshwa jikoni.

Tulikwenda baada ya miaka miwili, mama alipopata kazi nyingine ya kusafisha maofisi na karatasi zake zikawa hazimtegemei mtu. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani, shingo ameielekeza upande wa lango, na macho yake yote mawili yalikuwa ya kijivu. Nikapiga magoti nikamwamkia. Akanishika uso kwa viganja, akaupapasa paji, pua, kidevu, akarudia tena na tena. "Umefanana na nani, mjukuu wangu?" akaniuliza mimi. Nililia mpaka nikapata kwikwi.

Mama mdogo akaleta ile postikadi, alikuwa ameichomeka kwenye kioo cha kabati. "Wale wa likizo hao," akasema, na hakuwa anatania. Bibi akanyoosha mkono upande wa mama. "Rehema, lete mikono yako." Mama akampa. Bibi akaipapasa kama alivyonipapasa mimi, vidole, viganja, kucha, ile ngozi iliyopasuka kwa dawa za kusafishia. Alikaa nayo kwa muda mrefu.

"Mwanaidi," akasema, "hiyo kadi itoe. Huyu mtoto wangu hajawahi kupumzika."

Ndipo mama yangu alipolia, kwa sauti, kichwa kwenye mapaja ya mama yake, mbele yangu na mdogo wake na majirani wote.

Leo Jumanne Madame amerudi. Dawa ilishakuja, nimeiweka juu ya kaunta, na yeye bado alikuwa na maneno yake ya likizo. Nimemwambia kuwa mama anamsalimu, maana mama kweli amemsalimu. Halafu nimesema, na nimesema kwa sauti ya kawaida, "Madame, ile haikuwa likizo. Mama alikuwa kazini. Likizo yake ilikuwa ya kwenda Tanga bibi anione kabla hajapofuka, na hakuniona."

Ameduwaa. "Lakini Zena, ulifurahi sana! Uliniambia mwenyewe!"

"Nilikuwa na miaka tisa, Madame."

Madame amepapasa kaunta akitafuta boksi la dawa, ameliinua karibu kabisa na jicho lake la kulia, na hakuweza kusoma maelezo. Nimelichukua mkononi mwake, nimetoa kalamu, nimemwandikia kama inavyonipasa: tone moja kila jicho, asubuhi na jioni, asikose hata siku moja. Nimeandika kwa herufi kubwa, ayaone.